Barua kwa mpwa wangu: asilimia 65 ilivyozaa viti 87

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unauliza iweje chama tawala cha Singapore, PAP, kipate asilimia 65.57 ya kura tarehe 3 Mei 2025 halafu kiondoke na viti 87 kati ya 97, karibu asilimia 90 ya bunge. Umeshahukumu kwamba kura zimeibwa. Achana na sanduku kwanza, tazama majimbo.

Yako ya aina mbili. Safari hii yalikuwa 15 ya mbunge mmoja mmoja, na 18 ya kundi, yale yanayoitwa GRC. Kwenye GRC mpiga kura hachagui mtu. Kila chama kinasimamisha timu ya wagombea wanne au watano, mpiga kura anagonga alama moja tu, na timu inayoongoza inachukua viti vyote vya jimbo. Utaratibu huo ulianza 1988, kwa sharti kwamba kila timu iwe na angalau mtu mmoja wa jamii za wachache, yaani Mmalei, Mhindi au mwingine. Sababu hiyo siipuuzi. Bunge la Wachina watupu lingekuwa balaa. Lakini hesabu yake ndiyo hiyo inayokushangaza.

Chukua Tampines, yenye viti vitano. PAP ilipata asilimia 52.02, na Workers' Party, chama kikuu cha upinzani, 47.37. Matokeo ya viti: tano kwa sifuri. Vyama viwili vidogo vilivyojitosa humo havikufikisha hata asilimia moja kwa pamoja, na hapo kuna gharama: kila mgombea huweka dhamana ya dola 13,500 za Singapore, na hurudishiwa pale tu anapofikisha moja ya nane ya kura halali. Timu ya watano ni dola 67,500, zimekwenda na maji. Ndiyo maana chama kidogo hukimbilia majimbo ya mbunge mmoja, kama kina akili.

Ila mfumo huu ni msumeno. Mwaka 2011 Workers' Party iliichukua Aljunied, viti vyote vitano, na waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, George Yeo, akaanguka pamoja na timu yake. Mwaka 2020 ikachukua Sengkang, viti vinne. Jimbo la kundi likishaponyoka, PAP hupoteza vingi kwa mpigo.

Sasa mipaka, na hapa ndipo penye lawama yangu. Majimbo huchorwa upya na kamati ya maofisa wa serikali, mwenyekiti wake akiwa katibu wa waziri mkuu. Ripoti yake ilitoka tarehe 11 Machi 2025, bunge likavunjwa 15 Aprili, uteuzi wa wagombea ukawa 23 Aprili. Kampeni ni siku tisa, kisha siku moja ya ukimya, kisha kura. Chama cha upinzani kilichozunguka nyumba kwa nyumba miaka mitano kinaweza kukuta mitaa yake imehamishiwa kwingine, na kimebakiwa na wiki chache. West Coast, ambako PAP iliponea kwa asilimia 51.68 mwaka 2020, iliunganishwa na maeneo mengine. Safari hii ushindi ukawa takriban asilimia 60. Sisemi mipaka peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Nchi nzima PAP ilipanda kutoka asilimia 61.24, na hizo ni kura za watu kweli.

Kingine ambacho wengi hukiruka: ile 65.57 ni ya majimbo yaliyopigiwa kura tu. Kwenye jimbo la Marine Parade-Braddell Heights PAP ilipita bila kupingwa, viti vitano, wapiga kura zaidi ya laki moja hawakushika karatasi.

Kuhusu wizi uliousema. Vituo vikifungwa saa mbili usiku, masanduku hufunguliwa mbele ya mawakala. Kabla ya hesabu kamili, huchomolewa kura 100 bila kuchagua kutoka kila kituo, na makadirio ya jimbo hutangazwa mapema, yakiwa na uwezekano wa kupishana kwa asilimia 4 juu au chini. Kwa hiyo penye 51 kwa 49, makadirio hayo hayakuambii kitu, usiyashike. Karatasi zina namba za mfululizo, jambo linalowatisha wengi, wakihofu kura yao itajulikana. Hufungwa kwa lakiri, huhifadhiwa miezi sita, kisha huteketezwa. Kuzifungua kunahitaji amri ya mahakama.

Mwisho, utaona upinzani una watu 12 bungeni ingawa ulishinda viti 10 tu. Katiba inataka wapinzani wasipungue 12, hivyo nafasi mbili zilizobaki zilikwenda kwa walioshindwa kwa pengo dogo zaidi: mmoja kutoka timu ya Tampines, mwingine aliyeshindwa Jalan Kayu, jimbo la mbunge mmoja, kwa 48.53 dhidi ya 51.47. Wanapiga kura bungeni sawa na wenzao, ila hawana jimbo, na hawaongozi halmashauri ya mji wowote.

Mjomba wako