Kwa mdogo wangu: hofu ya komiki iko mkononi, pale unapofunua ukurasa

Mdogo wangu mpenzi,

Uliuliza uanze na komiki gani kati ya hizi mpya, za mashujaa au za kutisha. Anza na Absolute Wonder Woman, toleo la kwanza, la Oktoba 2024. Lakini kabla hujalifungua, nataka tukubaliane namna ya kulisoma, kwa sababu unayahukumu majalada na kuziacha kurasa.

Kitabu kinachosomwa kutoka kushoto huwa na kurasa za witiri upande wa kulia na za shufwa upande wa kushoto. Mchoraji wa hadithi za kutisha anaujua mpangilio huu kama mshonaji anavyoijua mikono ya nguo. Fremu ya mwisho, yaani kisanduku cha mwisho cha picha, ya ukurasa wa 7, chini kulia, ndiyo mtego: mlango ulioachwa wazi kidogo, au uso unaotazama kitu ambacho wewe hujakiona. Kitu chenyewe kinangoja juu ya ukurasa wa 8. Huwezi kukiona mpaka mkono wako ufunue, kwa hiyo ni wewe unayekileta. Filamu haina uwezo huo, maana inakwenda yenyewe utake usitake.

Hesabu hiyo huharibika kwa urahisi. Toleo moja la Marekani huwa na kurasa 20 hadi 22 hivi za hadithi, na matangazo hupachikwa katikati. Tangazo moja likikaa pasipostahili, zimwi linaangukia ukurasa wa kulia, na jicho lako linalinasa kwa pembeni ukiwa bado unasoma ukurasa wa kushoto. Ukiona tukio kubwa limepooza, angalia kwanza liko upande gani kabla ya kumlaumu mchoraji.

Simu nayo inaharibu kwa njia yake. Ukurasa wenye upana wa sentimita 17 na urefu wa 26 hivi, ukibanwa kwenye kioo cha simu, maneno hayasomeki. Ndiyo maana programu nyingi hukupa fremu moja moja. Zima kipengele hicho. Kikiwaka, fremu ndogo ya jicho na fremu iliyojaza ukurasa mzima zinakujia karibu kwa ukubwa uleule, na uzito aliouweka mchoraji unapotea. Tumia tableti, ukurasa mzima, kisha ukifika kwenye picha ya kurasa mbili igeuze ilale.

Sasa rudi kwa Absolute Wonder Woman. Kelly Thompson ameandika, Hayden Sherman amechora. Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, hapa hakulelewa kisiwani na wenzake Waamazoni, kabila la wanawake wapiganaji. Amelelewa kuzimu na mchawi Circe, na jina la kabila lake limepigwa marufuku. Wazo hilo lingeweza kuishia kwenye mapambo ya mafuvu. Kilichonishinda kukiacha ni mpango wa kurasa. Sherman hakubali masanduku yaliyopangwa kama matofali: huzikata fremu kwa maumbo yanayofuata kinachotendeka, na jicho linapita humo bila kupotea. Tazama pia jinsi utoto wa Diana kule chini unavyopishana na vita vya sasa. Malezi ya Circe ni ya upole kuliko unavyotarajia, na upole huo ndio unaokufanya uogope atakachopoteza.

Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, ya mwezi uleule, nayo ni nzuri, ila kwa njia nyingine. Bruce, ndiye Batman, hana utajiri, mama yake yu hai, na nembo ya kifuani inabanduka na kuwa shoka. Dragotta hurundika fremu ndogo nyingi mpaka pumzi inabana, halafu anaachia mwili mmoja mkubwa mno. Ubaya wake ni kwamba ukisoma haraka, zile fremu ndogo unaziruka, na pigo linakuja bila maandalizi. Zisome zote. Ukipendelea mkusanyiko, juzuu ya kwanza ina toleo la 1 hadi la 6. Ifungue taratibu, kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, ukikaribia katikati. Ukiibana kwa nguvu gundi ya mgongo hupasuka na karatasi huanza kuchomoka.

Kwenye za kutisha tupu, chukua Epitaphs from the Abyss, ambayo Oni Press iliitoa mwaka 2024 kufufua jina la EC, mchapishaji wa zamani wa komiki za kutisha wa Marekani. Jina hilo lina kidonda. Kanuni za maadili za komiki za Marekani za mwaka 1954 zilikataza hata maneno ya Kiingereza yenye maana ya hofu na kitisho yasiwemo kwenye majina ya magazeti ya komiki, na EC ikaporomoka. Wachapishaji wa mwisho waliozifuata waliziacha mwaka 2011.

Hadithi za Epitaphs ni fupi, kadhaa katika toleo moja, na mwovu hulipwa mwishoni. Hapo ndipo zinapoteleza: mwenye dhambi akitambulishwa wazi mwanzoni, malipo yake unayajua mapema. Zinazofaulu ni zile zinazokufanya umpende kidogo kwanza. Nayo maandishi mengi juu ya fremu yana asili yake. Katika EC ya zamani maneno yaliandikwa kwenye ubao kabla ya picha, mchoraji akajaza nafasi iliyobaki. Leo hakuna ulazima huo, kwa hiyo sentensi inayosimulia kile ambacho picha tayari inaonyesha ni kosa, nami siisamehi.

Ukishalifungua toleo la kwanza la Diana, hesabu kurasa za hadithi kwa kidole mpaka picha ya kwanza inayokushtua, uniandikie imeangukia kushoto au kulia.

Akupendaye,
Kaka yako