Kuhusu pikapu unayotaka kununua

Mombasa

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Taveta, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali la pikapu mpya au iliyotumika si la kujibiwa kwa haraka, hasa na mtu kama mimi aliyekwisha kulijibu vibaya.

Bila shaka unaikumbuka ile niliyoinunua mwaka 2016. Mita yake ilisoma kilomita 80,000, bodi iling'aa, na mwenye yadi aliniapia kwamba ilikuwa ya mwalimu aliyeitumia kwenda kazini na kurudi. Sikutazama mpira wa pedali ya klachi, ambao ulikuwa umelika hata chuma kikaonekana; mwendo wa kilomita 80,000 hauli mpira namna ile. Miezi minne baadaye, nikiwa na shehena ya vitunguu karibu na Maungu, chasisi ilikatika nyuma ya kabini, mahali palipokuwa pamechomelewa zamani kisha pakafunikwa kwa rangi nyeusi. Vitunguu niliviuza pale pale kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Gari dogo lililotumika huenda lilibeba watu wawili tu maisha yake yote, lakini pikapu ilibeba mzigo, na mzigo hauandikwi kwenye mita.

Wapo watakaokushauri uagize Hilux kutoka Japani. Toyota iliacha kuiuza huko mwaka 2004, na ilipoirudisha mwaka 2017 ilikuwa ikiitoa Thailand. Ndiyo maana huwezi kuichagua katika minada ya Japani kama watu wanavyochagua Probox. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, kwa hiyo utakayoipata itakuwa bado ghali, na ushuru unakusubiri hapa bandarini Kilindini. Piga hesabu hiyo yote kwanza, kisha uilinganishe na bei ya pikapu ya Isuzu D-Max mpya ya kabini moja, inayounganishwa Nairobi na kuuzwa pamoja na waranti.

Hiyo mpya nisingekukataza kama mapato yako yangekuja kila mwezi. Benki hudai kila mwezi, ilhali kitunguu kina msimu wake, na mwaka ambao vitunguu vya Tanzania vitafurika soko la Kongowea utalazimika kuuza ng'ombe ili ulipe deni. Hapo sijataja bima kamili ambayo benki itakudai.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba utafute iliyotumika humu humu nchini, kwa mtu anayejulikana, uilipe taslimu na ubakize akiba ya matengenezo. Usiukadirie umri wake kwa herufi za namba, kwani hizo huonyesha wakati iliposajiliwa Kenya, si wakati ilipoundwa. Kumbukumbu za umiliki zitazame kwenye mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ukiliona jina la benki kando ya jina la mwenyewe, usitoe hata shilingi. Fundi awe wako, si wa muuzaji, naye alale chini ya gari na tochi na brashi ya waya, akwangue rangi ya chasisi, na ahesabu majani ya springi, maana jani lililoongezwa linaonyesha kwamba gari lilikuwa likizidishiwa mizigo. Kisha afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma, aone kama moshi unatoka kwa nguvu.

Ipo moja Mariakani, ya jirani wa shemeji yangu, ambayo nimeitazama juu juu. Mita yake inasoma kilomita 210,000, na mpira wa klachi umelika kadiri ya mwendo huo. Jumamosi nina nafasi. Ukija, njoo na fundi.

Wako wa siku zote,
Rafikiyo