Barua kwa mwanangu: zipime nyuzi kwanza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Baba yako karudi baharini jana, kikohozi kimempungua. Picha zako nimezipata na nimemwonyesha kila aliyepita barazani. Tiara nzuri, hiyo rangi ya chungwa itaonekana mbali. Lakini ulipoandika kwamba Jumamosi utakwenda nayo ufukweni Scheveningen, huko huko Uholanzi, pamoja na mtoto wa wenyeji wako, na kwamba yeye atashika uzi mmoja na wewe mmoja, usingizi ulinikatika. Ndiyo maana naandika badala ya kukutumia sauti. Sauti zangu huzisikilizi mpaka mwisho, hilo nalijua.

Zipime nyuzi kwanza. Ukisoma maneno hayo matatu tu ukaifunga barua, nimeridhika.

Tiara ya nyuzi mbili si ya chelewa. Ile ya chelewa ikikataa huanguka na mchezo ukaisha. Hii inafuata tofauti ya nyuzi: ukivuta wa kulia kidogo, inakwenda kulia. Sasa kama uzi wa kulia ni mfupi kwa upana wa vidole viwili tu, tiara inaona unavuta kulia muda wote. Wewe umeshika vishikio sawasawa, yenyewe inazunguka na kushuka. Utadhani kosa ni la upepo, kisha utadhani ni la mkono wako, utaongeza nguvu, na hapo ndipo mtu huumia.

Usiniambie ni mpya na kwamba karatasi imeandika mita 25 kila mmoja. Mpya ndiyo ya kuogopwa. Mafundo yake hayajakaa, yakivutwa yanajikaza, na moja hujikaza kuliko mwenzake. Piga kigingi mchangani, tia vitanzi vya upande wa tiara vyote viwili kwenye kigingi hicho hicho, tembea hadi mwisho wa nyuzi, uvute zote mbili pamoja kwa uzito wa mwili wako na uhesabu mpaka thelathini. Halafu weka vishikio bega kwa bega utazame. Vikipishana, usogeze fundo la ule mrefu mpaka vilingane. Ukisharusha nusu saa, shusha upime tena. Kamba za mwani nimezifunga miaka kumi na moja kabla sijakaa kwenye cherehani, na kamba moja ikilegea, maji huitupa juu ya mwenzake. Kazi hii ya kulinganisha kamba naijua kwa mikono.

Ile picha ya pili nimeikuza. Bawa la kushoto, ule ufito wa chini haukuingia hadi mwisho kwenye mpira wake. Kuna mwanya mweupe hapo, mwembamba kama ncha ya ukucha. Ukiirusha hivyo, ikigonga mchanga mara moja tu ufito utachomoka na ncha yake itatoboa kitambaa. Uzungushe ufito taratibu huku ukiusukuma mpaka uhisi umegota. Fanya hivyo kwa fito zote, na pale kati zinapokutana utazame mara mbili. Vile vijiti vifupi vinavyokitanua kitambaa kwa nyuma viwe sawa kushoto na kulia. Tiara ninazoshona mimi hapa Paje ni za wapanda ubao wanaovutwa na tiara juu ya maji, hazina fito, zina mirija ya kujazwa upepo. Lakini kitambaa ni kile kile chembamba chenye miraba, na kila kusi nikifungua furushi la kwanza naona tundu dogo ambalo mwenyewe alisema si kitu, nalo limeshakuwa mpasuko wa mkono mzima.

Nyuzi fupi za kifuani pa tiara usiziguse siku ya kwanza. Ziache kama zilivyotoka kiwandani, ila utie alama ya kalamu pale fundo lilipo, pande zote mbili, upate pa kurudi. Ukiona upepo ni mdogo na tiara inaning'inia haitaki kupanda, sogeza fundo kuelekea puani. Ikipanda vizuri lakini ukiikata kona inakwenda mbali ndipo igeuke, au upepo umeshika kasi, sogeza kuelekea mkiani. Milimita tatu, nne, si zaidi, na kushoto kama kulia. Ukisogeza upande mmoja tu umejirudishia maradhi yale yale ya nyuzi zisizolingana.

Na upepo wenyewe utazame unatoka wapi. Ukitoka baharini huja umenyooka. Ukitoka mjini, ukapita juu ya yale maghorofa ya ufukweni, unafika umevurugika, unavuta na kuachia, na mtu mgeni hawezi kuufuata. Siku hiyo rudi nyumbani. Ukisikia radi, hata ya mbali, shusha. Nyuzi zenyewe ni za Dyneema, aina ya plastiki yenye nguvu, utelezi mtupu. Hata zikisokotana mara tatu nne utaendelea kuiongoza. Lakini hazistahimili moto. Uzi wa tiara ya mtu ukisuguana na wako kwa kasi, wako unayeyuka na kukatika. Kaa mbali na wenzako. Nyuma yako kwenye picha nimeona watu na mbwa. Uzi uliokazwa hauonekani, na unapita kwenye ngozi kama wembe.

Habari ya kidole cha mdogo wako unaijua, sina haja ya kuirudia. Ila siku ile ulikuwa skuli, na yaliyosemwa hospitali uliyasikia kwa watu. Daktari aliniuliza, nikasema upepo uligeuka ghafla. Upepo haukugeuka. Tiara ilikuwa ikilalia kushoto tangu mwanzo, mara tatu niliiona, na kila ikilala nilimpigia kelele mtoto akaze mkono. Akakaza. Akauzungusha uzi kidoleni ili usimponyoke, maana mama yake kamwambia akaze. Nami uzi wa kushoto nilikuwa sikuupima. Nilikuwa na haraka ya kumrudishia mwenyewe kabla ya magharibi.

Basi huyo mtoto wa watu asishike chochote. Umri wa miaka sita hauna uzito wa kuzuia kitu hicho. Akae nyuma yako, si pembeni, wala asikimbilie mbele kuiokota ikianguka. Na zile nyuzi mbili zishikwe na mtu mmoja. Vishikio viwili kwa watu wawili ni kuzifanya zisilingane kwa makusudi. Akilia, mnunulie kitu, hela nitakutumia mimi. Na wewe usizungushe uzi mkononi hata mara moja. Shika vishikio, ukizidiwa viachie. Tiara inanunuliwa.

Tena nimefurahi uliinunua kwa jasho lako. Baba yako aliguna kidogo aliposikia bei, kwa sababu ya bati la jikoni, lakini nilimwambia mtoto anasoma kwa lugha ya watu, anafanya kazi usiku, na mtihani kafaulu, mwache acheze. Ila ungetuambia kabla. Tumejua kwa picha, kama majirani.

Bati lenyewe limeshatoboka upande wa kisima. Nimelitia plastiki kwa sasa, masika yakija sijui. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Harusi ya binti wa shangazi yako imesogezwa hadi baada ya Mfunguo Mosi, na shangazi yako kashaniletea vitambaa nimshonee, kana kwamba sina kazi. Mdogo wako hajambo, kalamu anashika vizuri kwa mkono ule ule, na mwalimu wake kamsifu mwandiko. Anataka umletee tiara kama yako. Sijamjibu.

Ukipata mtu anayekuja, nitumie sindano za cherehani za kitambaa chembamba, pakiti mbili, na uzi wa poliesta mweupe. Hapa wanauza, lakini unakatika.

Jumamosi kabla hujairusha, nipigie picha mbili. Moja ya ule ufito wa kushoto, karibu, nione mpira umeumeza. Nyingine ya vishikio viwili vimelazwa mchangani bega kwa bega, nyuzi zimevutwa, na kigingi kionekane kwa mbali. Nitakuwa macho. Huko ikiwa saa tano asubuhi huku ni adhuhuri, nitaiweka simu karibu na msala.

Baba yako anakusalimu, na mdogo wako, na bibi yako, ambaye anauliza kama huko unapata samaki.

Mama yako