Lita 8.3 na lita 1.7 hazifiki lita 10

Mhariri,

Maelekezo ya kutengeneza kitakasa mikono yaliyotoka gazetini mwako yanasema uchukue lita 8.3 za spiriti ya asilimia 96, utie lita 1.7 za maji, upate lita 10 za asilimia 80. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Kwenye dumu haikubali: mchanganyiko ukishapoa utakuwa chini ya alama ya lita 10 kwa takriban mililita 180. Hapo ndipo muuzaji wa spiriti anapoitwa mwizi bila kosa.

Asiyeamini achukue mililita 500 za ethanoli tupu, yaani alkoholi iliyomo kwenye spiriti, na mililita 500 za maji. Akichanganya, atapata kama mililita 965, na chupa itapata joto mkononi. Watu hupenda mfano wa debe la kokoto na debe la mchanga, ambavyo havijazi madebe mawili. Ni mfano mzuri lakini nusu tu, maana kokoto na mchanga havitoi joto. Hapa molekuli za maji na za ethanoli zinashikana upya na kujipanga kwa kubanana. Joto linatoka, nafasi inapungua.

Kwa hiyo maji hayapimwi pembeni. Fomula ya WHO imeliona hilo: mililita 8333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za glisirini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi alama ya lita 10, yaingie kiasi chochote kitakachoingia. Ila usijaze mpaka alama na kufunga dumu likiwa bado la moto. Lita 10 zilizojazwa kwenye nyuzi 35 zikishuka hadi 25 hupungua kama mililita 100. Koroga, acha lipoe, ndipo umalizie maji. Kisha dumu likae saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue vijimbegu vya bakteria vilivyoingia na spiriti au vyombo.

Kinachosumbua zaidi ni kipimo cha spiriti, kile cha kioo kinachoelea na kusoma asilimia ya alkoholi: kadiri kinavyozama ndivyo namba inavyopanda. Vingi vimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 30, kimiminika kinatanuka na kuwa chepesi, kipimo kinazama zaidi. Kinasoma 80 wakati ukweli ni karibu 77. Glisirini, kwa uzito wake, inavuta upande wa pili: kiasi cha fomula hii kinashusha usomaji kwa pointi kama 2. Makosa hayo mawili yanaweza kufutana, mtu akaona namba nzuri akaamini amepima, kumbe amebahatisha.

WHO inakubali asilimia 75 hadi 85, kwa hiyo pointi 3 peke yake haziharibu kitu. Hatari ni spiriti iliyokwisha kulegea dukani kabla hujaigusa. Pima hiyo kwanza, ikiwa tupu bila glisirini: jaza silinda, iweke kwenye beseni la maji yenye barafu, kipimajoto kikifika 20 ndipo usome. Ikitoka 90 badala ya 96, mililita 8333 hazitoshi, utahitaji 8889.

Fundi wa maabara,
Morogoro