Sarafu zilizopita mikononi mwa watu

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma barua yako. Unauliza kama uachane na zile sarafu zako zilizochakaa uanze upya na ambazo hazijawahi kuingia kwenye mzunguko. Jibu langu ni hapana. Lakini kabla ya kukueleza sababu, nataka uijue tofauti yenyewe kwa macho yako, maana wengi huitaja bila kuijua.

Usidhani kila sarafu inayong'aa haijatumika. Hata iliyochakaa hung'aa ikisuguliwa kwa dawa ya vyuma. Siri iko kwenye namna sarafu inavyozaliwa. Kipande cha chuma kinapogongwa kati ya mihuri miwili, chuma husukumwa kuelekea ukingoni, kikaacha mistari myembamba mno. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Jaribu usiku: washa taa moja tu, shika sarafu kwenye ukingo, iinamishe huku ukiizungusha polepole. Kama haijatumika, utaona miale ikizunguka juu ya uso wake kama spoku za baiskeli. Kama imetumika, miale hiyo hukatika kwenye sehemu zilizoinuka, yaani shavuni, kwenye nywele juu ya sikio au kifuani mwa ndege. Hapo rangi huwa imefifia, kijivu kwenye fedha na kahawia kwenye shaba.

Kuna mtego mmoja. Wakati mwingine nywele hazionekani vizuri kwa sababu muhuri haukugonga kwa nguvu ya kutosha, wala si kwa kuchakaa. Tazama mng'ao. Ukiwa bado umepita juu ya sehemu hiyo, sarafu haijatumika.

Kipimo cha hali ya sarafu, cha 1 hadi 70, utakachokutana nacho kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha wakusanyaji wakakieneza kwa sarafu nyingine. Kuanzia 60 kwenda juu, sarafu huhesabiwa kuwa haijatumika. Ile ya 58 imesagika kidogo sana, na hapo ndipo nataka utulie. Sarafu mpya hugongana zikiwa bado kwenye mifuko ya kiwandani, kwa hiyo ya 60 inaweza kuwa na makovu usoni kote, na bado ikahesabiwa haijatumika kwa kuwa hakuna mikono iliyoisaga. Ya 58 inaweza kuwa na uso safi na mng'ao karibu wote. Nikiwekewa zote mbili mezani, mimi nachukua ya 58 bila kusita.

Zile zinazogongwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa, mahsusi kwa wakusanyaji, ziweke kando kwenye hesabu hii. Hizo ni suala la utengenezaji, si la hali ya sarafu.

Sasa sababu yangu. Sarafu nyingi za kumbukumbu za siku hizi huwekwa kabatini tangu siku ya kwanza, hivyo kuzikuta mpya si ajabu hata kidogo. Sarafu za zamani ndizo zilizopata watu wachache wa kuzihifadhi zikiwa mpya, na zile za mwaka adimu katika hali hiyo hazifikiki kwa watu kama sisi. Iliyochakaa inafikika, na imefanya kazi iliyotengenezewa: imelipa, imerudishwa kama chenji, imelala mifukoni mwa watu tusiowajua. Mimi hilo linanigusa kuliko mng'ao. Kuna hata wakusanyaji wanaosaka sarafu za daraja la 1, zilizosagika hadi kinachobaki ni aina na mwaka tu.

Ila chagua zilizochakaa kwa usawa. Yenye tundu, iliyopinda au iliyokwaruzwa iache. Na usizisafishe, nakusihi. Kwenye fedha ya zamani, weusi unaotulia kuzunguka herufi ndio unaofanya maandishi yasomeke vizuri. Ukiusugua, uso hubaki mtupu na mkusanyaji yeyote makini atajua.

Hizo zako unaweza kuzishika kwa raha kidogo. Ambayo haijatumika haina msamaha: alama ya kidole inaweza kuganda juu yake daima, na plastiki laini ya PVC hutoa asidi inayoacha utando wa kijani unaonata. Salfa iliyomo kwenye karatasi za kawaida nayo huigeuza fedha rangi.

Nunua basi moja tu isiyotumika, ya aina ileile ambayo tayari unayo iliyochakaa. Ziweke pamoja chini ya taa, kisha uniandikie ni sehemu gani iliyoanza kusagika.

Akupendaye,
Baba