Shokapu iliyokazwa hadi mwisho haimsaidii abiria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kutoka Arusha, akilalamika kwamba matuta ya barabara kuu ya Arusha hadi Moshi yanavunja migongo ya abiria wa bodaboda na kwamba yafaa yasawazishwe. Mimi ni bibi shamba mstaafu, mkazi wa Uru, na nimepanda pikipiki tangu enzi za kukabidhiwa pikipiki za serikali ili tuzungukie vihamba vya kahawa, kwa hiyo maumivu anayoyaeleza nayajua kwa mgongo wangu mwenyewe. Hata hivyo, naona amemshitaki asiyehusika. Matuta yaliwekwa karibu na shule na masoko kwa sababu hapo ndipo watoto na akina mama wanapovukia, na hata yakiondolewa leo tutabaki na makorongo ya masika na mawe ya barabara za huku juu mlimani. Kinachomwumiza abiria, kwa sehemu kubwa, ni shokapu za nyuma, yaani zile springi zinazopokea mishindo ya barabara, zilizokazwa hadi ngazi ya mwisho siku pikipiki ilipotoka dukani, na ambazo hazijaguswa tena tangu siku hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu yangu ilikazwa vivyo hivyo. Niliponunua pikipiki ninayoitumia sasa, yenye injini ya cc 150, fundi aliyeiunganisha alichukua bisibisi na nyundo, akaigonga ile pete iliyo chini ya springi hadi ikafika mwisho, kisha akaniambia kwa fahari, "Mama, nimekukazia mpaka basi, hii hata upakie magunia mawili haitingishiki." Nilimshukuru, nikampa na hela ya soda. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikiteremka asubuhi kwenda mjini, peke yangu, nimefunga trei moja tu ya mayai nyuma. Mahali fulani kabla ya daraja, barabara ya vumbi imefanya vijituta vilivyobanana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Nilipokanyaga breki nilisikia tairi la nyuma likikwaruza, likanyamaza, likakwaruza tena, likanyamaza. Sikuelewa wakati ule, lakini kila liliponyamaza lilikuwa hewani, na tairi lililo hewani halina breki. Niliishia katika mfereji chini ya migomba, mayai manne yakiwa mazima, na kijana mmoja wa bodaboda akanisaidia kuinua pikipiki huku akinihakikishia kwamba kosa ni la barabara.

Jioni ile niliiweka pikipiki kwenye stendi ya kati uani, nikainama kuitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Chini ya springi ya kila shokapu kuna pete ya chuma yenye ngazi, kama vidato vya kuchonga, na kwenye pikipiki nyingi tunazozitumia ngazi hizo ni tano. Ukiizungusha pete, inapanda kidato kimoja na kuibana springi zaidi kabla hujakaa. Watu wengi, na mafundi wamo, huamini kwamba kufanya hivyo kunaifanya springi kuwa ngumu. Si kweli, na mfano wake ninao kutoka kazini. Zamani tulipima kahawa kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, ambayo juu yake ina skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri. Ukiigeuza skrubu ile, mshale unaanzia mahali pengine, lakini kila kilo inayoongezwa bado inaivuta springi kwa kiasi kilekile. (Wakulima wanaijua vizuri skrubu hiyo, maana wapo walioibiwa kwayo.) Pete ya shokapu nayo ni hivyo: inaamua kiti kianzie kimo gani, lakini uwezo wa springi unabaki ule uliotoka nao kiwandani. Pikipiki iliyokazwa mno huonekana ngumu kwa kuwa springi imekwisha kubanwa mapema, na uzito wa mtu mmoja hauibonyezi zaidi ila kidogo tu.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo naona halisemwi kabisa vijiweni. Tunafikiri kazi ya shokapu ni kulipokea tairi linapopanda juu ya jiwe, tukasahau kwamba tairi hilohilo linapaswa pia kushuka ndani ya shimo. Ili liweze kushuka, ni lazima dereva anapokaa kitini pikipiki izame kidogo, ibaki na akiba ya kurefuka. Pikipiki isiyozama hata kidogo, ikifika kwenye shimo, tairi lake linaning'inia, halafu pikipiki yote inaangukia ukingo wa pili kwa kishindo ambacho abiria hukipokea kwenye uti wa mgongo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kuzama huko kuwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa tairi kutoka juu hadi chini. Kwa pikipiki zetu za kawaida hiyo ni kama sentimita tatu kwa upande wa nyuma.

Kupima hakuhitaji gereji. Nilitumia utepe wa fundi cherehani na mjukuu wangu wa darasa la sita. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati na tairi la nyuma likining'inia, alipima kutoka katikati ya ekseli hadi alama ya chaki niliyoichora juu yake, ubavuni chini ya kiti: milimita 512. Kisha nikaishusha, nikakaa kama ninavyokaa safarini, nikadundadunda kidogo ili shokapu zitulie, jirani akishika usukani, naye akapima tena: milimita 503. Yaani mimi, mwanamke mzima, nilikuwa nimeizamisha pikipiki kwa milimita tisa tu. Tukairudisha pete hadi ngazi ya pili, pande zote mbili, na kipimo kikawa 484. Tofauti ya milimita 28. Kesho yake nilipita palepale kwenye vijituta, kwa breki ileile, na tairi halikunyamaza.

Nimesisitiza pande zote mbili kwa sababu nimekuta pikipiki nyingi ambazo shokapu ya kulia iko ngazi ya tatu na ya kushoto ya tano, kwa kuwa upande mmoja pete ilikuwa imeshika kutu na fundi akachoka kuigonga. Pikipiki ya namna hiyo hupindisha mkono wa nyuma unaoshika tairi, bushi zake huisha mapema, na dereva hubaki akiulaumu usukani. Pete yenye kutu ipigwe brashi ya waya, itiwe mafuta kidogo, iachwe usiku kucha. Ile nyundo na bisibisi huvunja vidato, na kidato kikishavunjika pete hurudi chini yenyewe ukiwa barabarani. Katika mfuko wa spana unaokuja na pikipiki kuna kipande cha chuma chenye kichwa cha ndoano kilichotengenezwa kwa ajili ya pete hiyo. Wengi wetu tumekitupa bila kujua ni cha nini.

Sisemi kwamba ngazi ya tano haina kazi. Siku ya kupeleka mikungu ya ndizi sokoni Mbuyuni, au ya kupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, pikipiki iliyobaki ngazi ya pili itazama hadi kugonga chini, na hapo ndipo pete inapopandishwa hadi ya nne au ya tano. Kosa ni kuiacha huko mzigo ukishashuka. Dereva wa bodaboda, anayebeba abiria mmoja kama sheria inavyotaka, ngazi ya tatu au ya nne inaweza kumfaa karibu siku nzima, lakini apime, asikisie, kwa sababu uzito wa watu haufanani. Atakayeona kupima ni usumbufu aangalie taa yake usiku: sehemu ya nyuma ikizama mno, taa ya mbele huelekea juu, ikawamulika macho wanaokuja huku barabara iliyo mbele yake mwenyewe ikibaki gizani. Nafikiri nusu ya madereva tunaowatukana kwa kutuwashia taa kali kati ya Boma Ng'ombe na mjini wamewasha taa ya kawaida.

Ukibadilisha ngazi, kagua cheni. Cheni hukaza zaidi pale mkono wa nyuma unapokuwa umenyooka mstari mmoja na sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, jambo linalotokea pikipiki inapozama kwa mzigo. Mwenye kuikaza sana pikipiki ikiwa tupu huikuta imevutika kama uzi wa gitaa akipakia mtu, na bearingi za giaboksi ndizo zinazolipa. Mimi huacha mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati ya cheni. Upepo nao ukaguliwe kabla ya kuilaumu shokapu yoyote, maana mjaza upepo akijaza kwa kukadiria kwa kidole gumba, tairi lenyewe linakuwa jiwe. Kibandiko cha pikipiki yangu kinataka upepo wa psi 25 mbele, na nyuma 28 nikiwa peke yangu au 32 nikiwa na abiria.

Kuna mambo mengine yanayofanyika mitaani ambayo yananitia hofu zaidi kuliko kukaza pete. Nimeona vipande vya mpira wa tairi kuukuu vimechomekwa katikati ya mizunguko ya springi ili "isilale". Mizunguko iliyozibwa haifanyi kazi tena, kwa hiyo mingine iliyobaki hubeba mzigo wote hadi mmoja ukatike, kwa kawaida siku ambayo mzigo ni mkubwa. Nimeona pia springi iliyokatika ikaungwa kwa kuchomelewa, ilhali moto wa kuchomelea huua ugumu wa chuma cha springi, na hakuna rangi nyeusi itakayourudisha. Shokapu za nyuma zenye gesi zisifunguliwe kabisa nyumbani, kwa sababu zimejazwa kwa mgandamizo na zinaweza kumjeruhi mtu. Zikifa, zinunuliwe nyingine, zote mbili kwa pamoja.

Namna ya kujua kwamba zimekufa ni rahisi. Springi peke yake ingedunda kama mpira. Kinachoituliza ni mafuta yaliyo ndani ya shokapu, yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachie: kikipanda na kutulia, mafuta yapo, kikiendelea kucheza mara mbili tatu, umebaki na springi tupu. Mbele, shika breki na uusukume usukani chini mara kadhaa, halafu upitishe kidole kwenye bomba linalong'aa. Ukikuta pete ya mafuta na vumbi, sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekwisha, na mafuta hayo yanaweza kufika kwenye breki. Miguu ya mbele, yaani yale mabomba mawili yanayoshika tairi, tofauti na shokapu zile za gesi, mtu mwangalifu anaweza kuimwaga mafuta nyumbani akiwa na kitabu cha pikipiki yake. Yangu yalitoka meusi na yenye chengachenga za chuma, nami nikapima mapya kwa kikombe changu cha zamani cha kupimia dawa ya mibuni, kilichooshwa vizuri, kiasi kilekile kila mguu, ambacho hakifiki robo lita. Kitabu kinataja mafuta mepesi yenye alama 10W. Anayemimina humo oili chafu ya injini ili kuokoa shilingi elfu chache anaisugua miguu ya pikipiki yake kwa msasa kutoka ndani.

Basi, Ndugu Mhariri, badala ya kuomba matuta yasawazishwe, ninaomba mambo matatu madogo. Wauzaji wa pikipiki hapa Moshi na Arusha wamwonyeshe kila mnunuzi ile pete na kile chuma cha ndoano kabla hajaondoka, wala wasimkazie chochote bila kumwuliza atabeba nini. Wanaofundisha madereva wa bodaboda, kikiwamo chuo chetu cha VETA hapa Moshi, watenge saa moja ya kupima kuzama kwa pikipiki kwa utepe, kwa kuwa ni somo linaloeleweka na mtoto wa darasa la sita. Na askari wa usalama barabarani wanapokagua taa na breki, wabonyeze na kiti. Breki nzuri kwenye tairi linalorukaruka haina wa kumsaidia.

Kwa msomaji wa Arusha, kama pikipiki anayoipanda kila siku ni ya kijana mmoja aliyemzoea, amwombe siku moja wasimame kabla ya tuta la kwanza na kuangalia pete iko ngazi ya ngapi. Nadhani atakuta ni ya tano. Yangu, ninapoandika barua hii, iko ya pili. Jumamosi nina mikungu minne ya kupeleka Mbuyuni, kwa hiyo Ijumaa jioni nitaipandisha hadi ya nne, mradi jirani yangu awe amerudisha kile chuma cha ndoano alichokiazima tangu wiki iliyopita.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bibi shamba mstaafu,
Uru, Moshi.