Ipashe moto kabla hujaizungusha

Rotterdam, Januari

Ndugu yangu Mbarouk,

Salamu sana, na pole na baridi ya Malmö. Barua yako nimeipata na picha nimeziona. Unauliza kama konrodi ya injini ya nitro ya gari lako dogo la rimoti, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, uliuziwa feki. Sidhani. Imekatika shingoni, juu kidogo ya tundu la chini, na bushi ya bronzi iliyobaki, ile pete ya ndani ya tundu, imevutika upande mmoja, si duara tena. Konrodi iliyochoka kwa kazi huanza kulegea, ikagonga, ukaisikia kabla haijakuacha njiani. Yako imevutwa kwa nguvu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba asubuhi boksi la kuwashia, lile lenye mota na gurudumu la kuizungusha injini, lilikuwa likigoma, ukalifungia betri yenye nguvu zaidi. Uharibifu ulifanyika hapo. Uwanjani ilikwenda kumalizikia tu.

Umesema pia kupasha injini ni mambo ya nchi za baridi, eti Dar usingehangaika. Hapana bwana. Injini hizi za nitro hazina ringi. Kinachoshika kompresheni (mgandamizo) ni pistoni yenyewe kukaa sawasawa ndani ya slivu, yaani bomba la ndani la silinda. Slivu ni brasi iliyopakwa kromu, pistoni ni aluminiamu yenye silikoni nyingi, na slivu imechongwa ikisinyaa kuelekea juu. Injini ikiwa baridi, pale juu kabisa slivu ni ndogo kuliko pistoni. Toa plagi uzungushe flaiwili (gurudumu la mwisho wa krenki) kwa kidole: inakwenda vizuri, halafu inakataa. Injini mpya hata hulia kidogo ikilazimishwa kupita.

Sasa fikiria boksi la kuwashia linavyoilazimisha. Konrodi inasukuma pistoni iingie mahali isipotosha, kisha papo hapo inaing'oa itoke, na hayo yanarudiwa mara nyingi kwa kila sekunde ambayo flaiwili imekaa juu ya gurudumu la boksi. Mzigo wote unaishia kwenye bushi, kwenye pini ya krenki na kwenye shingo ya konrodi. Wakati huohuo pistoni inakwangua kromu palepale juu, sehemu ambayo ndiyo kompresheni yako yote.

Dawa ni joto. Katika injini yako ya 3.5 cc tundu la silinda ni kama milimita 16.26. Ukiongeza joto kwa nyuzi 80, slivu inapanuka karibu milimita 0.025. Pistoni nayo inapanuka, lakini ile silikoni inaizuia isiifikie brasi. Tofauti ni ya mikroni chache, na mikroni hizo ndizo zinazoamua kama boksi litazungusha injini au litazungusha konrodi. Nyuzi 32 za Dar zinapunguza safari, hazikufikishi. Injini hii imetengenezwa iwe huru ikiwa na nyuzi mia na ushei.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, kabla ya joto lolote, ishushe pistoni mpaka mwisho wa chini. Toa plagi, chungulia kwa tochi, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu. Ikifika chini, piga alama ya kalamu isiyofutika kwenye flaiwili, mahali unapopaona kutoka juu ya chesi, ili kesho usihitaji kutoa plagi. Sababu ni kwamba pistoni ikiachwa juu imeshikana na slivu, joto linapita moja kwa moja na vyote viwili vinapanuka pamoja. Ikiwa chini, slivu inapata joto kwanza kutoka nje, pistoni inabaki nyuma, na hilo ndilo unalolitaka.

Kifaa kizuri kuliko vyote ni lile koti la umeme linalozungushiwa kichwa cha injini, linalotumia betri na lina kidhibiti cha joto. Liweke kwenye nyuzi 80 hadi 90, ulifunike kwa taulo, uliache dakika kumi mpaka kumi na tano huku unashughulika na matairi. Halichomi kitu, halihitaji kusimamiwa sana. Draya ya nywele nayo inafaa, ila huko kwenu kukiwa na upepo utasimama muda mrefu. Funika injini kwa karatasi ya foili, uache mdomo mmoja wa kuingizia hewa.

Ile mashine ya hewa moto ya mafundi wa rangi iogope kidogo. Ina nguvu kupita kiasi, na ikikaa mahali pamoja inayeyusha mpira wa mafuta, inaharibu o-ringi za kabureta, inakausha oili ya filta ya hewa na kupinda boksi la risiva inayopokea mawimbi ya rimoti. Ukiitumia, iweke kwenye kiwango cha chini, umbali wa sentimita 15 au zaidi, uizungushe muda wote, na uielekeze kwenye bloku chini ya mapezi, upande wa pili wa kabureta. Tangi liwe tupu na chupa ya mafuta iwe mbali. Methano inaanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi 11 tu, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Mtu anaweza kuwa anaungua hajui kinachomuunguza.

Kosa linalofanywa na wengi ni kupima kichwa peke yake. Mapezi ya kichwa yanapata joto haraka. Kipimajoto kinasema 90, mtu anafurahi, anawasha, kumbe slivu chini yake bado iko nyuma sana. Ukifika 90 usiwashe. Shikilia joto hilo dakika tano nyingine, kisha gusa kifuniko cha nyuma cha bloku. Kikikufanya uondoe kidole ndani ya sekunde moja, injini nzima imeiva. Ukiweza kukishika ukatulia, bado. Kuna jambo lingine: kipimajoto cha infraredi kinadanganywa na aluminiamu inayong'aa, husoma chini ya joto lenyewe. Kielekeze wima kwenye shimo la plagi, penye giza, umbali uleule kila siku. Hapo namba zako za leo utaweza kuzilinganisha na za wiki ijayo.

Ikishaiva, jaza tangi bila kuzubaa. Ziba tundu la ekzosi kwa kidole, zungusha sekunde moja au mbili mpaka uone mafuta yamefika kwenye kabureta, basi. Ukiendelea kuziba, mafuta yanajaa juu ya pistoni, na mafuta hayagandamiziki. Konrodi itapinda hata kama injini ni ya moto. Boksi likigoma ghafla kwenye injini uliyoipasha vizuri, usibishane nalo. Toa plagi, pindua gari, zungusha kidogo, mafuta yatatoka yenyewe.

Kuna watu watakufundisha kulegeza plagi nusu mzunguko ili kompresheni ivuje na injini iwake baridi. Inawaka kweli. Lakini unasaga meno ya shimo la plagi kichwani, unaunguza washa ya plagi, na ule ubanaji wa pistoni bado uko palepale, maana haukutokana na kompresheni. Iache iwe ya dharura.

Sasa baridi yenyewe ya huko, na hapa ndipo wengi wanapoua injini walizozipasha vizuri kabisa. Hewa ya nyuzi 3 ni nzito, ina oksijeni zaidi, kwa hiyo injini inataka mafuta zaidi kuliko wakati wa kiangazi. Wakati huohuo hewa hiyo inakipooza kichwa kupita kiasi. Unapima baada ya mizunguko miwili, unaona 85. Kichwani unakumbuka uliambiwa injini inatakiwa iwe kati ya 100 na 120. Basi unakaza skrubu ya mafuta ya mwendo mkubwa ili ipande. Inapanda, ndiyo, lakini inapanda kwa sababu inaungua na mafuta kidogo na oili kidogo, na oili ile inakuja ndani ya mafuta, haina njia nyingine. Kabla ya mwisho wa tangi pistoni imechanika pembeni. Usitafute joto kwa kukaza skrubu. Litafute kwa kufunika kichwa: foili kuzunguka mapezi, anza na nusu ya mapezi ya chini, ongeza au punguza mpaka isome 105 mpaka 115 huku moshi mwembamba bado unaonekana gari likiondoka kwenye kona. Halafu ndipo useme umetyuni.

Huko ulipo si ugenini kwa mchezo huu. Mashindano ya dunia ya bagi za 1/8 (magari ya vumbi ya moja ya nane ya ukubwa halisi) yalifanyika Furulund mwaka 2004, si mbali na Malmö, na David Ronnefalk, bingwa wa dunia wa 2016 kule Las Vegas, ni Msweden. Angalia wenyeji wa klabu yako wanavyofunika vichwa vya injini zao, na katika mwezi gani wanaanza kutoa foili. Hilo ni bora kuliko namba zangu za Rotterdam.

Ikiwaka, iache na kiwashio cha plagi (kile cha betri kinachoipasha plagi) sekunde kumi hivi, iguse mafuta kidogokidogo, kisha iweke chini iende mizunguko miwili mitatu kwa nusu mwendo. Usiguse skrubu hata moja kabla ya hapo. Injini isiyofika joto lake itakusomea uongo: inatoa moshi mwingi, inavuta kwa uzito, na mwenye pupa anaikaza, ikipata joto la kweli imeshakuwa kavu.

Kuhusu mafuta, uliniuliza kwa nini hupati yale yenye nitro asilimia 25. Tangu Februari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inamzuia mtu wa kawaida asiye na kibali kununua mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 kwa uzito, na Sweden imo. Nitro ikipungua, plagi inapata shida zaidi kuishika injini ikiwa inanguruma palepale bila mzigo, hasa asubuhi ya baridi. Jaribu plagi yenye joto zaidi kwa hatua moja, na kama injini ilipangwa kwa 25, wengi hutoa shimu (washa nyembamba) ya milimita 0.1 chini ya kichwa. Ukitoa shimu, pima tena nafasi kati ya pistoni na kichwa kabla hujawasha. Chupa ya mafuta ilale ndani ya nyumba, usiku usiiache garini. Lakini kuipasha, hapana, hata kwa maji ya moto.

Nikija kwenye injini mpya uliyoagiza: hiyo ndiyo inayobana kuliko zote, na lita yake ya kwanza ya mafuta, yaani matangi manane ya 125 cc, ipashe kabla ya kila kuwasha, hata kama ulizima nusu saa iliyopita. Ipeleke mpaka 90 au 95. Ule utaratibu wa zamani wa kuiacha ingurume juu ya meza ikiwa imelowa mafuta na kichwa kikisoma 60 usiufuate. Kwa joto hilo slivu haijafunguka, na unachokifanya ni kuisaga pistoni mpaka itoshe injini ya baridi. Ikija kupata moto wa kazi italegea, na kompresheni utakuwa umeimaliza bado mpya. Ipe mafuta ya kutosha, funika mapezi, iende uwanjani kwenye 95 hadi 105, vuta mafuta yote sekunde mbili tu kisha achia. Kila tangi likiisha, iache ipoe kabisa.

Na kuzima: usibane mpira wa mafuta, maana inakauka kabla haijafa. Ziba ekzosi kwa kitambaa au ikandamize flaiwili kwa mpini wa bisibisi. Kisha papo hapo, ikiwa bado ya moto, izungushe mpaka ile alama yako ionekane. Ukiiacha juu, slivu inapoa na kuishika pistoni, kesho unaanza na deni. Jioni tangi liwe tupu, matone machache ya oili ya kuhifadhia ndani ya kabureta na ndani ya shimo la plagi, zungusha kidogo, kwa sababu methano inavuta unyevu na beringi za nyuma huanza kutu.

Ile injini ya zamani usiitupe. Slivu itazame kwenye mwanga: kama kromu ya juu haina mistari wala haijamenyeka, nunua konrodi, pini ya pistoni na beringi mbili, na uoshe bloku vizuri, vipande vya bronzi vimejificha kila kona. Kama pini ya krenki imechubuka hata kidogo ukipitisha ukucha, hapo konrodi mpya ni kupoteza fedha.

Wasalimie wote nyumbani. Ukishamaliza tangi la tatu la injini mpya, toa plagi unipigie picha ya koili yake, ule waya mdogo uliojikunja, kwa karibu, mchana, bila flashi. Nataka kuona kama imepinda na kama ina vumbi la kijivu.

Wako,
Haji